Paka 17 nyuma ya makarai: kisa cha ploti moja Obunga, Kisumu

Mama anayekaanga samaki jirani na kwangu alinigongea mlango alfajiri moja ya Februari 2023, kuku aliyekufa akining'inia mkononi. "Daktari, vaa viatu utoke. Si huyu peke yake." Nyuma ya vibanda, kando ya tangi la maji, walikuwa wamelala paka sita. Watano walikuwa wameshakauka. Wa sita, jike wa rangi tatu, bado alikuwa akirusharusha miguu, povu likimtoka mdomoni, na matiti yake yamejaa maziwa. Alikata roho mikononi mwangu. Kufikia saa nne mbwa wa ploti ya pili naye alikuwa ameanguka. Watoto wa yule jike walilia chini ya rundo la mbao siku mbili kabla hatujawafikia. Tuliyemkuta hai alikuwa mmoja, naye hakumaliza wiki.

Naandika kisa hiki chote, na makosa yangu ndani yake, kwa sababu tangu wakati huo watu wa mitaa mingine ya Kisumu hunijia na swali lilelile: tuwafanyeje paka hawa? Watu huniita daktari, lakini mimi ni mhudumu wa afya ya wanyama. Kazi yangu ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na upasuaji wa kufungua tumbo si wa cheti changu. Habari za paka nilijifunza palepale uani.

Ploti yenyewe

Obunga ni mtaa wa mgongo wazi. Kwa asiyeujua: viwanda vya minofu vikishamvua sangara nyama ya kupeleka ng'ambo, hubaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mabaki hayo huletwa kwetu kwa magunia, hukaangwa kwenye makarai makubwa mpaka yakauke, na kuuzwa kwa watu wasiomudu samaki mzima. Ploti yetu ina vyumba vya mabati vya kupangisha mbele na vibanda vya kukaangia nyuma. Matumbo, mapezi na mafuta yaliyoganda vilikuwa vikitupwa kwenye shimo lisilo na kifuniko. Paka wangekosaje?

Sumu iliwekwa na mwenye ploti, na sikumchukia kwa hilo. Wapangaji walikuwa wamemlalamikia miezi: mkojo wa madume ukinuka ukutani, vifuniko vya sufuria vikiangushwa, na zaidi ya yote kelele za usiku. Dume na jike wakitafutana hutoa sauti inayofanana kabisa na kilio cha mtoto mchanga, na wapo waliokuwa wakinong'ona kwamba ni uchawi. Juu ya hayo, mkaza mwana wake alikuwa mjamzito, na mtu alikuwa amemwambia kwamba paka huharibu mimba.

Wiki tatu palikuwa kimya. Mvua za masika zilipokolea mwezi wa Aprili, panya wakaingia. Walitoboa magunia ya omena, wakala unga, wakatafuna nyaya za umeme mpaka chumba kimoja kikawa giza. Mwezi wa Juni nilimwona juu ya ukuta dume mgeni, mashavu mapana, sikio limechanika. Kufikia Agosti nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa jioni tatu mfululizo, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, daftari gotini. Nilihesabu paka 17.

Ilinichukua muda kuielewa hesabu hiyo. Paka hukaa penye chakula na maficho. Ukiwaua waliopo, shimo la matumbo bado liko wazi, chini ya mbao bado pakavu, na walio pembeni husogea kujaza nafasi. Waliosalia nao huzaa mbio. Jike hubeba mimba siku 63 hadi 65, anaweza kushika mimba ya kwanza akiwa na miezi minne au mitano tu, na anaweza kupandwa tena watoto wakiwa bado wananyonya. Katika nchi za kaskazini ya mbali mwili wa paka hupumzika kuzaa majira ya baridi, kwa kuwa hufuata urefu wa mchana. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 tangu Januari mpaka Desemba. Jike wa hapa hapati msimu wa kupumzika.

Nilimfuata mwenye ploti barazani kwake.

"Mzee, paka wamerudi."

"Nimewaona. Sasa nifanyeje, nyathina, mwanangu? Niweke tena?"

"Ukiweka tena, mwakani tutakaa hapahapa tukihesabu wengine. Na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haikuruhusu. Nipe muda, Mzee. Nikishindwa uniambie."

Akanyamaza, akageuza kikombe cha chai. "Mpaka Krismasi."

Kuhusu ile mimba, nilikaa na mkaza mwana mwenyewe. Ugonjwa upo, unaitwa toksoplasmosisi, na unaweza kweli kumdhuru mtoto tumboni. Lakini paka hautoi kwa kupita uani. Hutoa mayai ya vimelea kwenye kinyesi, kwa kawaida wiki moja au mbili tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na mayai hayo huhitaji angalau siku nzima nje kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Njia kubwa nyingine ni nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri. Tukapatana: asishike kinyesi cha paka, avae glavu akilima bustani yake ya sukuma wiki, anawe mikono, apike nyama iive kabisa. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuna aliyekuwa amemweleza neno zaidi ya kumtisha.

Shume na aliyetupwa

Hapa ndipo watu wengi huteleza, na mimi niliteleza. Paka aliyezaliwa nje akakua bila mkono wa mtu ndiye ninayemwita shume. Si paka pori wa Afrika, yule wa miguu mirefu na masikio yenye wekundu kwa nyuma, ambaye ukoo wake ndio uliozaa paka wote wa kufugwa duniani. Shume ni paka wa nyumbani kwa damu, alichokosa ni mazoea ya watu. Mtoto wa paka huzoea watu kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Dirisha hilo likifungwa bila yeye kushikwa, mtu atabaki kwake kuwa adui, hata umpe sangara mzima.

Aliyetupwa ni mwingine. Huyo alikuwa na nyumba, wenye nyumba wakahama wakamwacha. Dalili huonekana ukitulia. Shume hutembea ameinama, mkia chini, hakutazami machoni, hakulilii, na hutoka giza likiingia. Manyoya yake mara nyingi ni safi, kwa sababu maisha hayo anayaweza. Aliyetupwa hutokea mchana, huinua mkia, hulia akimtazama mtu, na manyoya yake huwa yamechakaa, kwa sababu yeye hayawezi maisha hayo.

Katika 17 wangu kulikuwa na wakubwa 13 na watoto wanne. Wakubwa saba walikuwa majike, wanne madume, na wawili sikuweza kuwatambua. Watoto watatu walikuwa wa wiki tano hivi, mmoja wa miezi minne.

Wale watatu wadogo tuliwachukua upesi. Mabinti wa ploti walipokezana kuwabeba kifuani ndani ya sweta, wakiwalisha samaki aliyechemshwa na kupondwa, bila maziwa ya ng'ombe, ambayo huwaharisha. Walipotimiza wiki nane wote walikuwa wakilala mapajani, na wakapata nyumba.

Yule wa miezi minne alichukuliwa na binti ya mama samaki. Nilimwonya kwamba wakati umepita, lakini sikukataza kwa nguvu, nikidhani upendo utafidia. Kwa wiki tatu mnyama yule aliishi chini ya kitanda. Alikojolea godoro. Hakula mpaka taa izimwe. Siku binti aliponyoosha mkono kumvuta, alimng'ata kidole mpaka damu.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mama yake akampeleka hospitali kuanza sindano za kichaa cha mbwa. Mbwa ndio wanaosababisha karibu vifo vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu, lakini paka naye huweza kuubeba, na dalili zikishaanza mtu haponi. Tulimfungia paka kwa siku kumi za kutazamwa, akabaki mzima. Binti aliniuliza kama paka anamchukia. Nilimwambia ukweli, kwamba anamwogopa, na kwamba tunamtesa kwa kumpa kitu tunachokipenda sisi.

Mtego

Kabla ya mtego tulishughulika na chakula. Mwenye ploti alinunua mapipa mawili yenye vifuniko, na mama wa vibanda wakakubali kumwaga matumbo humo. Badala ya karamu ya kutwa, paka wakapewa mlo mmoja, saa kumi na mbili jioni, mahali pamoja, vyombo vikaondolewa baada ya nusu saa. Samaki tulimchemsha kwanza, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, na moto hukiondoa. Walizoea ile saa ndani ya wiki moja, nami nikaweza kuwahesabu. Mama mmoja alihofu kwamba wakilishwa wataacha panya. Wahenga walishalimaliza hilo: paka hashibi kwa wali, matilabaye panya. Aliyeshiba bado anawinda.

Mitego miwili ilitengenezwa na fundi wa jua kali Kibuye: kasha la wavu wa chuma, mlango unaoanguka, na kibao ndani kinachouachilia mlango kikikanyagwa. Siku tano tuliufunga mlango kwa kamba ukae wazi, chakula kikiwekwa kila siku ndani zaidi. Siku ya kutega hawakupata kitu tangu jana yake. Mwenye njaa huingia, na tumbo tupu ni salama zaidi kwa dawa ya usingizi. Mlango ukianguka, paka hujitupa huku na huku, pua ikigonga nyaya. Nilikuwa na leso kuukuu ya mama yangu. Ukiifunika juu ya mtego, ndani ya dakika moja paka hunyamaza, unabaki kusikia pumzi zake tu.

Daktari wa mifugo aliyesajiliwa alikubali kupunguza bei tukimpa kadhaa kwa siku moja. Kwa bei ya kawaida, kumfunga jike mmoja kizazi kungekuwa karibu kodi ya mwezi ya chumba kimoja cha mabati. Tulichanga. Mama wa vibanda walitoa shilingi 50 kila wiki, mwenye ploti akatoa chumba kilichokuwa tupu na kulipia majike wanne.

Nilikuwa msaidizi wa daktari huyo. Ketamini na zailazini, dawa za usingizi, zilichanganywa kwenye sindano moja, paka akachomwa kupitia nyaya, na baada ya dakika chache kichwa kikalegea. Kilichonishtua ni macho. Kwa dawa hiyo paka hafumbi macho, hukutazama wazi kabisa huku hayupo. Yakiachwa hivyo hukauka na kuumia, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuyapaka dawa ya mafuta. Daktari aliwapasua majike ubavuni badala ya katikati ya tumbo, ili jeraha lionekane kwa mbali paka akishaachiwa, maana shume hakulalii chali umkague. Nyuzi zilikuwa za kuyeyuka zenyewe. Kila mmoja alipata chanjo ya kichaa cha mbwa, na kabla hajaamka akakatwa ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita moja, kwa mstari ulionyooka. Alama hiyo hutumika nchi nyingi. Ukiona sikio hilo unajua huyu ameshafungwa, hana haja ya kuteseka mara ya pili.

Madume walilala usiku mmoja wakaachiwa. Majike walikaa siku mbili gizani, wakaachiwa palepale walipokamatwa. Jumamosi ya kwanza tulipata watano, ya pili wanne, ya tatu wawili pamoja na yule mdogo aliyeshindikana nyumbani.

Niliyokosea

Jumamosi ya kwanza alikuwamo jike wa rangi ya jivu. Mtegoni alifoka, akatema, akarusha kucha, nami nikamwandika shume. Baada ya siku mbili nilifungua mlango wa mtego. Wenzake walikuwa wametoka kama mshale. Yeye alisimama mlangoni, akainua mkia, akasugua shavu lake kwenye kifundo cha mguu wangu, kisha akalia akinitazama.

Nilikumbuka kwamba chumba cha tatu kilikuwa na familia iliyohama mwaka uliotangulia. Mlinzi wa ploti akathibitisha: alikuwa paka wao, akilala juu ya friji. Miezi yote hiyo alikuwa akinyang'anywa chakula na mashume, na mimi nilimwona jioni tatu nikamhesabu tu. Ndani ya mtego kila paka huonekana shume kwa sababu kila paka ameogopa. Tangu hapo simwandiki paka lolote mpaka nimemtazama siku kadhaa, na nikimkamata namwacha atulie kwanza. Huyo wa jivu sasa anaishi na mlinzi, na usiku wa mvua hulala ndani ya koti lake.

Kosa la pili lilimuua paka. Jumamosi ya pili, jike mmoja mwekundu mwenye mabaka alikuwa akitetemeka baada ya kuamka, kama wengi wanavyotetemeka. Nilikuwa nimekwenda kumhudumia ng'ombe wa mteja. Mama mmoja wa chumba cha mbele alipita, akamwonea huruma, akaponda nusu ya kidonge cha parasetamo ndani ya mchuzi wa samaki, akamsogezea. Niliporudi asubuhi uso wa paka ulikuwa umevimba na ufizi umegeuka rangi ya chokoleti. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 huweza kumuua paka mzima, na aliyetoka upasuaji jana yake hahitaji hata hicho. Dawa ya kuizima ipo, lakini hatukuipata kwa wakati. Alikufa saa nane mchana.

Yule mama alilia mpaka akakaa chini. "Mimi nilitaka asiumie, daktari." Nilikuwa na daftari lenye saa za chakula, uzito na rangi za paka wote, na sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja pale kwamba dawa ya watu ni sumu kwa paka. Lilikuwa jukumu langu. Siku hizi, kabla ya kuleta mtego popote, naandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha kupumzishia: USIWAPE DAWA YA WATU.

Tulipofika

Krismasi ilikuja, mwenye ploti hakuniita. Kelele za usiku zilikuwa zimekwisha kwa sehemu kubwa mwezi wa Novemba, na harufu ya mkojo ilipungua pole pole mabati yalipooshwa. Panya wapo, lakini magunia ya omena hayajatobolewa kama mwaka ule. Mmoja wa wale wawili nisiowatambua alikuwa dume, tukamkamata mwezi wa Machi. Dume mwingine aligongwa na tuktuk. Nilipohesabu tena Juni 2025 nilipata 12, akiwamo mgeni mmoja.

Mtu wa Dunga, kando ya ziwa, aliniomba mitego, nikasita. Kule kuna mafunjo, na ndani yake ndege wasioishi penginepo isipokuwa kwenye mafunjo. Paka aliyefungwa kizazi bado anawinda kama zamani. Nilimwambia tuanze na taka za samaki na kuwatafutia nyumba waliotupwa na watoto wadogo, ili paka wasipewe sababu ya kukaa ukingoni mwa kinamasi. Wapo wanaoniona mgumu kwa hilo. Njia ya Obunga ilifaa Obunga.

Kila mwaka, karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kupambana na kichaa cha mbwa duniani, mlinzi na mimi hukagua nani chanjo yake imepitwa. Mashume ni wagumu kuwakamata mara ya pili. Wanaukumbuka mtego.

Na yuko mmoja ambaye hatujampata hata mara ya kwanza: jike mweusi mwenye kifua cheupe, wa pili kati ya wale wawili nisiowatambua. Amezaa mara mbili tangu tuanze. Watoto wake watano tuliwapata wakiwa bado wadogo, wakaenda majumbani. Sasa tumbo lake limeshuka tena. Mtego uko nyuma ya tangi, mlango umefungwa kwa kamba, na chini tumenyunyiza jivu la jiko. Jana asubuhi samaki alikuwa ameliwa mpaka katikati ya kasha, na alama za miguu yake kwenye jivu zilikuwa zimekoma upana wa kiganja kimoja kabla ya kibao.